TAHADHARI: Anayeuza "sanduku la bibi wa Kiingereza" na vitu vya makaburi ya Misri

Jamani, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili walioko Uingereza na Ghuba, na sasa ameingia Dar na Mombasa, anauza "vitu halisi kutoka makaburi ya Mafarao". Msimtumie hata senti. Binamu yangu alikuwa karibu kumtumia nusu ya dola 900 nilipomwomba anionyeshe kwanza mazungumzo yao.

Mzigo wenyewe ni skarabu, zile sanamu ndogo za mdudu anayeviringisha kinyesi, na shabti, visanamu vya watumishi waliokuwa wakizikwa na marehemu. Lakini kinachowalegeza watu ni hadithi. Jamaa anadai anamwakilisha mzee mmoja wa London aliyerithi vitu vya bibi mzaa bibi yake, mwanamke wa zama za Malkia Victoria aliyekataa kuolewa, akapanda mashua kupandisha Mto Nile, akaishi mahemani na wanaakiolojia, akafumbua siri ya mlinzi aliyekutwa ameuawa kaburini. Kila usiku anakurushia ukurasa mmoja wa "shajara". Anasimulia vizuri, tumpe haki yake. Hata mimi nilitaka kujua muuaji ni nani.

Wanawake wa aina hiyo walikuwepo kweli, na hapo ndipo watu wanaponasa. Amelia Edwards, Mwingereza, alisafiri Nile mwaka 1873 hadi 1874, akafika Abu Simbel, kwenye mahekalu yaliyochongwa mwambani kusini mwa Misri, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1877. Mwaka 1882 akawa miongoni mwa walioanzisha mfuko wa Waingereza wa kugharimia uchimbuzi Misri. Tapeli wetu kanyofoa vipande vya maisha ya mama huyu akambandika bibi wa kubuni, tena kavibandika vibaya. Shajara ya 1875 inasema bibi aliajiriwa na mfuko huo, miaka saba kabla haujakuwepo. Ukurasa wa 1888 unamwingiza kwenye kaburi la Farao Tutankhamun, taa mkononi, bega kwa bega na Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeligundua. Kaburi hilo liligunduliwa 1922. Carter alizaliwa 1874, kwa hiyo mwaka huo wa 1888 alikuwa kijana wa miaka 14 na hajaikanyaga Misri.

Haya, tuseme bibi ni wa kweli. Bado haisaidii kitu, maana Luxor, mji wa Misri wenye makaburi hayo ya kale, ulikuwa na mafundi wa kughushi tangu enzi hizo. Edwards mwenyewe ameeleza alivyokaribishwa kimakosa kwenye nyumba ya fundi mmojawapo, akakuta zana mezani na skarabu ambazo hazijamalizika kuchongwa. Kuna wenzake wa mashua nyingine walionunua maiti ya kale iliyokaushwa kwa pesa nyingi, harufu ikawashinda, na wiki haikupita wakaitosa mtoni. Kwa hiyo kitu kinaweza kukaa miaka 150 kwenye kabati la mzungu na bado kikawa feki.

Sasa tazameni picha zake. Shabti mbili za buluu zimemeguka bega la kushoto, palepale, kwa umbo lilelile. Wamisri wa kale nao walitumia kalibu, sawa, ila hakuna vitu viwili vinavyomeguka sawasawa hivyo. Kilichomeguka ni kimoja, kisha kikatolewa nakala.

Ukimbana, anatoa "cheti" chenye muhuri. Karatasi isikutishe. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, lenye wataalamu wake wote, lilinunua mwaka 2017 jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani wa Misri ya kale, Nedjemankh, kwa takriban dola milioni 4, likiwa na kibali cha kulisafirisha cha mwaka 1971. Kibali kilikuwa cha kughushi; jeneza liliibwa Misri mwaka 2011, na mwaka 2019 likarudishwa kwao.

Na vikiwa halisi je? Hapo ndipo pabaya zaidi. Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa Sheria namba 117 ya 1983. Vilivyotoka kihalali kabla ya hapo vipo, lakini huwa na nyaraka zinazofuatilika: leseni ya duka, risiti, katalogi ya mnada wa zamani. Huyu nilipomwomba hata kimoja, alinijibu kwamba kuna tajiri wa Muscat anasubiri, niamue leo. Nikamwambia basi apige picha skarabu ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo. Akaniblock.

Anayetaka pambo la mezani, maduka ya Luxor yanauza nakala waziwazi kama nakala, kwa bei ndogo.

Ambaye ameshatuma pesa apige simu benki au kwa mtandao wake wa simu sasa hivi, asifute meseji, kisha aende polisi na picha za mazungumzo yote, pamoja na namba na jina lililotokea kwenye muamala. Jamaa hubadilisha majina na namba, ila picha hazibadilishi: sanduku la ngozi lenye kitasa kilichovunjika, kitambaa cha kijani ndani, na pembeni kidogo waya wa chaja ya simu.