Aproni ya Nyumbani: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Aproni yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Maua mekundu, kitambaa chororo, kamba nyembamba zilizoshonwa vizuri. Siku ya tatu nikaegemea jiko kuufikia mkebe wa chumvi, pindo likagusa ukingo wa mwali. Haukuwa moto wa kuogofya. Kitambaa kilijikunyata tu, kikayeyuka, kikaacha kitonge cheusi kigumu kama kokwa. Jioni ile nilikuwa nakikwangua kwa ukucha huku nikiwaza: kingeniyeyukia pajani je? Ilikuwa poliesta tupu, na kile kilebo cha ndani nilikuwa sijakisoma hata herufi moja.

Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na rangi. Naanza na kitambaa, kisha mkanda wa shingoni, na mapambo yanakuja mwisho kabisa.

Kabla ya hapo, neno kwa wale wanaosema fulana kuukuu inatosha. Kwa kufagia na kupanga vyombo, inatosha. Lakini mafuta ya kukaangia hufika nyuzi joto 170 hadi 190 za Selsiasi, na tone likitua kwenye fulana iliyochakaa linaifikia ngozi likiwa bado la moto. Aproni nzito huongeza tabaka moja, tena tabaka unaloweza kulivua mara moja. Hilo la kuvua usilidharau. Maji ya moto yakikumwagikia, pamba huyanywa na kung'ang'ania mwilini ikiendelea kuunguza. Vua, kisha weka palipoungua chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Ila kitambaa kikiwa kimeyeyuka na kuganda kwenye ngozi, usikibandue. Hiyo ni kazi ya daktari.

Aproni pia humlinda mlaji dhidi ya mpishi. Nguo uliyotoka nayo nje imebeba vumbi la safari, manyoya ya paka na mengine usiyoyajua, na yote hayo huinama pamoja nawe juu ya bakuli la kachumbari.

Nafasi ya kwanza: pamba ya kaki, kamba moja inayoteleza

Kitambaa ni kile kile cha suruali za kaki: pamba iliyofumwa kimshazari, uzito wa gramu 200 hadi 280 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo mafuta hupenya upesi. Juu ya hapo unaanza kubeba mzigo. Wauzaji wengi hawaandiki uzito, basi iinue aproni kwenye mwanga wa taa. Ukiuona mkono wako vizuri upande wa pili, irudishe ilipokuwa.

Kamba ndiyo iliyoipa ushindi. Ni moja tu, ndefu, inapita ndani ya pindo la ubavu mmoja, inazunguka shingo, inarudi kwenye ubavu wa pili. Ukivuta ncha, kifua kinapanda; ukilegeza, kinashuka. Haina bizimu ya kukatika wala kifungo cha kupotea, na mrefu na mfupi wa nyumba moja wanaweza kupokezana aproni ile ile bila fundi. Hakikisha kila ncha inabaki na sentimita 90 hivi, ili uzungushe kiunoni na kufunga fundo mbele. Fundo la mgongoni linapendeza pichani, lakini ukiwa na unga mikononi hulioni na hulifungui.

Pamba ina dosari zake. Hujikunja, hukawia kukauka, na hurudi, yaani hupungua ukubwa ikifuliwa. Kitambaa ambacho hakikupunguzwa hivyo kiwandani kabla ya kushonwa kinaweza kupungua hadi asilimia 5 kwenye fuo la kwanza, maana yake aproni ya sentimita 85 inapoteza zaidi ya 4. Nunua iliyozidi kidogo. Na ikishika moto, itawaka. Tofauti ni kwamba haiyeyuki na kukuganda.

Unashuku kama ni pamba kweli? Ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja pindoni, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, huacha jivu laini la kijivu linalopotea ukilifikicha. Poliesta hujikunyata kuukimbia moto na kuacha kijishanga kigumu. Uzi ukikupa vyote viwili, jivu lenye punje ngumu ndani, umeuziwa mchanganyiko.

Ya pili: mikanda inayopishana mgongoni

Kwa mtu anayesimama jikoni saa nyingi, au mwenye shingo inayolalamika, hii inapanda hadi ya kwanza bila mjadala. Mikanda inapita mabegani na kukatana mgongoni, hivyo uzito unabebwa na mabega. Nyingi hazina kamba kabisa. Unaingiza kichwa kama unavaa fulana. Ya kitani ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu kitani hunyonya maji upesi na kukauka upesi, na kila ikifuliwa inazidi kuwa laini.

Tatizo ni kipimo. Haina cha kulegeza. Ijaribu ukiwa umesimama, kisha uchuchumae kama unayetafuta sufuria kwenye kabati la chini, kisha uinue mikono yote miwili. Mikanda ikikukata kwapani au ikiteleza begani, hiyo si yako. Kwa sababu hii siipendi kama zawadi ya kumbahatishia mtu.

Ya tatu: jinzi na turubai

Ngumu, inadumu, na huwa na mifuko ya maana. Zile ribiti ndogo za shaba kwenye kona za mifuko si urembo: Jacob Davis na Levi Strauss walipewa hataza yake Marekani mwaka 1873 kwa sababu mifuko ya wafanyakazi ilikuwa inachanika pembeni. Ukiwa fundi wa nyumbani, mtu wa bustani, mbao na rangi, anza na hii. Kwa jikoni la kila siku ni nzito, hasa ikilowa, na jinzi ya buluu iliyokolea hutoa rangi. Fuo mbili za kwanza iwe peke yake, na usiegemee kitu cheupe.

Kuhusu mifuko, kwa kuwa tumefika hapo. Mfuko wa kifuani ni mtego. Ukiinama juu ya sufuria, kilichomo kinafuata. Mimi nimewahi kuopoa kalamu kwenye mchuzi kwa upawa, na wino ulikuwa umeshatangulia. Mifuko ya mapajani ni bora, ila ikae mbele, isikae ubavuni inakonasa mishikio ya droo. Kitanzi cha kuning'inizia taulo nakipa alama nyingi kuliko mfuko wowote, na sababu yake inakuja.

Ya nne: mchanganyiko wa pamba na poliesta

Hii ndiyo iliyojaa madukani, mara nyingi poliesta 65 kwa pamba 35. Haikunjamani, inakauka haraka, rangi yake haipauki upesi. Kwa mtu asiyekaanga sana, aliyechoka kupiga pasi, si chaguo baya. Lakini poliesta hupenda mafuta na kuyashikilia: doa la mafuta linalotoka kwenye pamba kwa sabuni na maji moto, hapa linabaki kama kivuli. Ukiwa na jiko la mwali wazi, pita.

Ya tano: ya kiunoni

Fupi, nyepesi, haikusumbui shingoni. Inafaa kwa kuandaa meza, kuoka mikate, kukunja nguo zilizokauka. Kifua kinabaki wazi, na mafuta yanaporuka hayachagui usawa wa kiuno. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ya plastiki, na ya ngozi

Hizi siziweki kwenye foleni moja na zile za juu, kwa sababu ni zana za kazi maalumu. Ya plastiki, au kitambaa chenye utando wa plastiki, ni raha tupu unapoparua samaki, kuosha rundo la vyombo, kumwogesha mbwa. Maji yanateremka yenyewe na tumbo linabaki kavu. Tazama pindo la chini: likiishia juu ya magoti, maji yote yanamiminika mapajani. Kisha iondoe kabla hujawasha jiko. Inayeyuka, na unapotoka jasho haipumui.

Ya ngozi ni nzuri kwa kuchomelea vyuma na kwa anayechoma nyama juu ya makaa kila mwisho wa wiki. Huifui, unaifuta tu. Chombo kinachoguswa na nyama mbichi na hakiingii kwenye sabuni, kwangu hakina nafasi jikoni, hata kikiwa na mishono ya kupendeza kiasi gani.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Upana kwanza. Aproni ya mtu mzima ya kawaida huwa na sentimita 70 hivi, na isipofika pembeni mwa nyonga zote mbili utajikuta unajifutia ubavuni kwenye nguo. Urefu uishie karibu na magoti. Ya kukanyagwa unapochuchumaa ni hatari, hasa ukiwa umeshika sufuria.

Vuta mkanda kwa nguvu pale uliposhonwa. Unatakiwa uone mshono wa kisanduku au wa kurudiwa mara kadhaa. Mshono mmoja ulionyooka utaachia mwezi wa pili. Ya mtoto isiwe na kamba ya kufungwa shingoni, iwe na mkanda wa kunata unaoachia ukivutwa.

Rangi? Nyeusi huficha mafuta lakini unga huitangaza. Nyeupe haifichi kitu, na faida yake ndiyo hiyo: unajua lini ifuliwe, na inavumilia dawa ya kung'arisha. Doa la bizari ya manjano lisikutie hofu. Lifue, kisha anika juani ukilielekeza jua; mwanga huivunja rangi ile na doa hufifia siku baada ya siku.

Nunua mbili, si moja. Mwenye moja huishia kuivaa chafu, na aproni chafu ni mbaya kuliko kutovaa. Hapa ndipo kile kitanzi cha taulo kinapoingia. Tunaifanya aproni kuwa kitambaa cha mikono: umeshika kuku mbichi, unajifuta tumboni, dakika tano baadaye unajifuta pale pale ukiwa unakata saladi. Bakteria kama salmonela hawahitaji njia nyingine. Nawa kwa sabuni, jifute kwa taulo, na aproni iliyoguswa na nyama mbichi iende kwenye kapu la nguo chafu siku hiyo hiyo. Nyuzi joto 60 kwenye mashine zinatosha kwa pamba. Mchanganyiko soma kilebo.

Na tafadhali usishikie sufuria ya moto kwa ncha ya aproni, hasa ikiwa mbichi. Kinachokulinda kwenye kitambaa kikavu ni hewa iliyomo kati ya nyuzi. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo ncha iliyolowa haikupi hata muda wa kuifikia meza.

Ile ya maua bado ninayo. Tundu lake liko pale pale, na naivaa kung'arishia viatu.