Mifuko mbadala ya Ngamiani: ipime kabla hujalipia bando

Tangu rambo zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko uliotawala mikononi mwa wanunuzi wa Tanga ni ule laini unaofanana na kitambaa, unaoitwa mfuko mbadala. Unauzwa kwa bando kwenye maduka ya jumla ya Ngamiani, na kutoka hapo unasambaa hadi Makorora na soko la samaki la Deep Sea. Tathmini hii ni ya mwenye duka anayenunua bando zima, maana yeye ndiye anayebaki na mzigo kama bidhaa ni mbovu.

Mfuko mbadala si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya ndoo na viti, iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi zikatandazwa na kubanwa kwa joto bila kufumwa. Ukichoma kona yake kwa kiberiti inajikunja na kudondoka matone. Pamba ingeacha majivu. Umeruhusiwa kwa masharti: uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba, uwe unaweza kurejelezwa, uwe umethibitishwa na TBS, shirika la viwango, na uonyeshe uwezo wake wa kubeba pamoja na anuani ya aliyeutengeneza. Usiofikia hapo ulipigwa marufuku Januari 2021.

Hiyo gramu 70, ambayo wauzaji wanaiita jiesiemu, ndiyo penye udanganyifu, kwa kuwa macho hayaioni. Mfuko wa gramu 40 ukiwa mpya na umekunjwa vizuri unapendeza sawasawa na wa gramu 70. Lakini mzani haudanganyiki. Chukua mfuko mmoja kutoka katikati ya bando, si ule wa juu uliowekwa kwa maonyesho. Kata mikono na pindo, kisha kata vipande 20 vya sentimita 10 kwa 10. Mfuko wa sentimita 35 kwa 40 unavitoa bila shida. Vipeleke kwenye mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja, au kwa sonara. Vipande 20 vya gramu 70 vinatoa gramu 14. Ukisoma 8, umeuziwa gramu 40, na hakuna nembo iliyochapwa juu yake itakayobadilisha hesabu hiyo. Usipime kipande kimoja peke yake: kinapaswa kuwa gramu 0.7, na mzani wa jikoni hauwezi kuisoma kwa uhakika.

Ukimaliza, inua kipande kielekee dirishani. Kizuri kina kivuli kinacholingana kote. Kibovu kina mawingu, sehemu nzito na sehemu ambazo mwanga unapita wazi, na hapo kwenye mwanga ndipo kitakapochanika.

Mikono nayo ina habari yake. Iliyobandikwa kwa mashine ya joto ina alama ndogo za mistari au nukta pale inapokutana na mwili wa mfuko. Joto likizidi, nyuzi zinayeyuka na kuwa ngumu kama ganda, kisha zinakatika pembezoni mwa alama. Likipungua, mkono unabanduka mzima mzima. Weka chupa tano za lita moja zilizojaa maji, yaani kilo 5 na ushee, unyanyue na kuushusha kwa kishindo mara 20. Kama uwezo ulioandikwa ni mkubwa zaidi, ongeza chupa. Ya kushonwa kwa uzi, mshono wa msalaba ndani ya mraba, inavumilia kuliko ya kubandikwa, na kwa muuza machungwa ya Muheza hiyo ndiyo ya kununua hata kama bei imezidi.

Anuani ya mtengenezaji si pambo. Wajibu wa mzalishaji maana yake ni kwamba aliyeingiza kifungashio sokoni anabaki na deni lake hata baada ya kukiuza: kukikusanya, kukichambua, kukirejeleza. Ujerumani iliutungia kanuni za vifungashio mwaka 1991, na Kenya, ng'ambo tu ya Horohoro, imeuweka ndani ya sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inabeba kanuni ya mchafuzi kulipa. Sasa mfuko usio na jina utamdai nani? Gharama yake inahamia kwa anayezibua mtaro mvua za masika zikianza. Kwa hiyo bando lisilo na jina wala anuani lirudishe, hata kama mzani umelipitisha.

Neno jingine la kuangalia ni kurejelezeka. Pembetatu yenye namba 5 inakuambia tu kwamba ni polipropilini. Haikuambii kwamba kuna mtu anayeupokea. Mfuko mwepesi uliochafuka samaki hauna soko kwa wanunuzi wa chakavu. Ule unaong'aa, wenye ngozi ya plastiki juu na picha za rangi, unadumu kweli na haupitishi maji, lakini ngozi hiyo mara nyingi inafanya kuurejeleza kuwe kugumu zaidi.

Wengi wanakamatika kwenye tofauti ya kibebeo na kifungashio. Kifungashio kinafungwa na bidhaa tangu kiwandani, kama pakiti ya mkate. Kibebeo ni cha kutolea mzigo dukani. Nailoni nyepesi isiyo na mikono, ukimiminia sukari nusu kilo na kumkabidhi mteja, inafanya kazi ya kibebeo, na NEMC, baraza la mazingira, inaitazama hivyo. Kwa kanuni za 2019, kuuza mfuko wa plastiki wa kubebea ni faini ya shilingi 100,000 hadi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kukutwa nao tu ni 30,000 hadi 200,000 au siku zisizozidi saba.

Pale Deep Sea mfuko mbadala wa kawaida, usio na ngozi ya plastiki, unashindwa kabisa. Maji ya samaki yanapita, yanachuruzika miguuni, na muuzaji anarudi kwenye nailoni. Kwa samaki, mteja aje na ndoo au beseni lake.

Usiining'inize mifuko nje ya duka kama mapambo. Jua linakata polipropilini isiyotiwa kinga. Baada ya muda unaibana kwa vidole inatoa vumbi jeupe. Itunze ndani, gizani. Ikichafuka ioshwe kwa maji baridi, bila pasi.

Kwa nyumbani, kikapu cha ukili bado kinaupita mfuko huu kwa mbali, mradi mikono yake imezungushwa hadi chini ya kitako, isiwe imeshonewa ukingoni tu. Cha katani ni kigumu zaidi, na inasikitisha kukiona kimekuwa bidhaa ya wageni katika mkoa uliolima zao hilo tangu miaka ya 1890. Mfuko wa kaki unafaa vitumbua, mkate na dagaa wakavu. Chochote chenye unyevu kinautoboa kabla mteja hajafika kituo cha daladala.