"Family" ya Masters of Horror: steringi ndiye adui

Haya watazamaji, karibuni. Leo mezani ni "Family", epizodi ya pili ya msimu wa pili wa Masters of Horror, mfululizo wa hadithi za kutisha, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Showtime cha Marekani tarehe 3 Novemba 2006. Ni chini kidogo ya saa moja. Kwanza nitazungumza bila kukuharibia, halafu nitasema "simama hapa". Ukisikia hivyo na hujaitazama, zima video, maana baada ya hapo namwaga ubuyu wote.

Harold Thompson ni mtu wa makamo, mnene, anaishi peke yake kwenye mtaa wa kishua uliotulia. Anatabasamu, anasalimia, ndiye jirani ambaye ungemwachia funguo ukisafiri. Kumbe chini ya nyumba ana chumba anamoyeyushia maiti kwa tindikali. Mifupa inayobaki anaivisha nguo na kuiketisha kama mke, mtoto, babu. Hiyo ndiyo familia yake. Tulia, sijakuharibia kitu. Haya yote unaonyeshwa mapema kabisa: kamera inapita mtaani, inaingia ndani, inashuka hadi chini, huku nyimbo za injili zikipigwa. Wimbo wa sifa unapanda, nyama inayeyuka. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote.

Sasa, kwa nini wamwage siri mwanzoni? Tumezoea hadithi ambayo mke na mume wanahamia, jirani anakuja na tabasamu, na sisi tunamshuku polepole pamoja nao. Hapa kamera inakaa na Harold. Wanapohamia David na Celia nyumba ya jirani, tunawaona kwa macho yake. Anapoongea na mifupa, tunasikia ikimjibu, kwa sababu yeye anaisikia. Mkewe wa mifupa anamgombeza kwa wivu, na unajikuta unacheka. Ukishacheka umeshakuwa upande wake, na muongozaji alitaka ufike hapo hapo.

Muongozaji ni John Landis, yule wa Thriller ya Michael Jackson na Coming to America, kwa hiyo kuchanganya kicheko na hofu ni kazi yake ya miaka mingi. Harold anachezwa na George Wendt, aliyefariki 2025. Wamarekani walimjua kama Norm wa Cheers, tamthilia ya vichekesho ya televisheni, mnywaji wa baa anayependwa na kila mtu. Wewe huenda unamkumbuka kwenye video ya Black or White ya 1991, iliyoongozwa na Landis huyo huyo: ndiye baba anayemfokea mtoto apunguze muziki, kisha spika zinamrusha na kiti chake hadi anatoboa paa. Kumpa sura hiyo kazi ya muuaji kumeokoa nusu ya skripti. Sikiliza sauti yake: anaongea na jirani aliye hai kwa upole ule ule anaoongea na fuvu. Hakodoi macho, hacheki kicheko cha shetani. Wangempa mtu mwenye sura ya kutisha, epizodi ingekufa dakika ya kumi.

Katikati inalegea, sitaficha. Ndoto za Harold kuhusu Celia zinarudiwa mno. Mfululizo huu ulipigwa zaidi Vancouver, Kanada, kwa siku chache kila epizodi, na hadithi ya nyumba mbili na mtaa mmoja inafaa ratiba hiyo. Ila mwandishi, Brent Hanley, ana kisa cha dakika arobaini, zilizobaki anazijaza.

Kuna na suala la tindikali, ambalo mtu wa maabara atalikataa papo hapo. Tindikali haichagui nyama ikaacha mfupa mweupe. Inayeyusha madini ya kalisi yanayoupa mfupa ugumu, unabaki utando laini wa protini. Jaribu na mfupa wa kuku: ondoa nyama yote, loweka kwenye siki siku tatu hadi tano ukibadilisha siki, utaupinda kama mpira. Makumbusho hutumia maji ya uvuguvugu au mbawakawa wanaokula nyama, kisha huondoa mafuta na kung'arisha kwa haidrojeni peroksaidi. Na mtu mzima ana mifupa 206. Kano zikishaondoka hakuna kinachoishika pamoja, inabidi ifungwe waya kiungo kwa kiungo. Ile mifupa ya Harold inayokaa kitini imenyooka kama wageni wa harusi, nani kaifunga?

Simama hapa.

Mliobaki, mnajua. David ni daktari wa dharura, Celia ni mwandishi wa habari, na binti yao ni mmoja wa waliouawa na Harold. Hawakuhamia pale kwa bahati, walimfuatilia. Muda wote tulidhani wao ndio windo kumbe ndio wawindaji, na kazi zao zilizotajwa juu juu ndizo silaha zao: mmoja anajua kutafuta mtu, mwingine anajua kumweka hai huku akimtesa. Wazo hilo ni zuri. Utekelezaji una kasoro moja kubwa: yote yanaelezwa kwa mdomo, mwishoni, kwa haraka. Ni gharama ya kukaa na Harold muda wote, kwa sababu yeye haoni dalili, basi na sisi tunanyimwa. Ukiirudia, mtazame Celia kila anapomuuliza Harold habari za maisha yake. Maswali ya ujirani mwema yanakuwa mahojiano.

Usiitazame na watoto, ile meza ya kuyeyushia maiti haifichwi. Na ukikuta nakala iliyotafsiriwa juu ya sauti, iache. Mifupa inaongea kwa sauti ya chini, na msimulizi akiifunika hutaelewa Harold anagombana na nani.