Miaka miwili ndani ya basi la ghorofa, na goti moja lililovimba

Juzi jioni nilikuwa nashuka kutoka juu, mkoba begani, mkono mmoja kwenye bomba. Vilikuwa vimebaki vipandio vitatu. Dereva akakanyaga breki, mwili ukatangulia, goti la kushoto likagonga ukingo wa ngazi hadi nikaona vimulimuli. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akaniambia, "Pole mwanangu. Ungesubiri lisimame kwanza." Nikamjibu, "Mama yangu, likisimama nikiwa bado juu, mlango unafungwa sijafika chini." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya basi hili.

Nalipanda siku tano kwa wiki, kutoka karibu na mwanzo wa njia hadi karibu na mwisho wake, kama dakika 50 foleni isipokuwa mbaya. Zamani njia yetu ilikuwa na mabasi ya kawaida, kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyovionja vyote viwili. Nikiambiwa nitoe nyota kati ya tano, kwa mtu anayekwenda mbali kama mimi natoa nne. Kwa anayeshuka kituo cha tatu natoa mbili, tena kwa kumwonea huruma.

Nne hizo zinatokana na kiti. Basi la kawaida la mita 12 lina viti kama 35 hadi 45, waliobaki wote ni kuning'inia. La ghorofa lenye urefu uleule linafikisha viti 70, 80 na kuendelea. Hong Kong, ambako yamekuwa barabarani tangu 1949, yale makubwa ya ekseli tatu, yaani safu tatu za magurudumu, hubeba watu zaidi ya 130 kwa jumla, na hata mita 13 hayafiki. Maana yake, watu ambao wangejaza mabasi mawili wanaingia kwenye moja, dereva ni mmoja, na kituoni panachukuliwa nafasi ya basi moja. Wenye kampuni wanaipenda hesabu hiyo. Mimi hesabu yangu ni fupi: zamani nilikuwa nasimama siku nne kati ya tano, sasa nikisimama nimependa mwenyewe.

Halafu kuna kile kiti cha mbele kabisa, juu. Nina mvi ndevuni, lakini nikiingia na kuona watoto wa shule wanaelekea kwenye ngazi, naongeza mwendo. Ukikaa pale, mbele yako ni kioo kitupu. Unaona mapaa ya magari, unaona nguo zilizoanikwa kwenye roshani, unaiona foleni kabla dereva hajaiona, na unakuwa na muda wa kukata tamaa taratibu. Juu pia kuna utulivu. Hakuna anayekupita kila dakika, hakuna mkoba wa mtu usoni. Vitabu vyangu vingi vya miaka hii miwili nimevisomea huko.

Kunayumba, hilo sikatai. Kona ambayo chini huishtukii, juu unaisikia tumboni. Wiki ya kwanza nilikuwa nashika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, nikiamini tutalala ubavu. Baadaye nikajua kwamba Uingereza basi la ghorofa halipewi ruhusa ya kubeba abiria mpaka aina yake ipimwe kwa kuinamishwa nyuzi 28, juu kukiwa na uzito wa abiria wote na chini kukiwa kutupu, na lisianguke. Linaweza kwa sababu vitu vizito, yaani injini, ekseli, na betri nyingi kwa yale ya umeme, vimewekwa chini. Ndiyo sababu mojawapo ya kukatazwa kusimama juu. Nyingine ni dari: mtu wa mita 1.80 anatembea ameinama kama anayetafuta sarafu.

Sasa ngazi.

Ndani ya basi la kawaida, ukaapo popote, mlango uko hatua chache tu. Kwenye la ghorofa, zaidi ya nusu ya abiria wanapita kwenye tundu moja jembamba, mmoja mmoja, na anayepanda akikutana na anayeshuka, mmoja wao lazima arudi nyuma. Katika basi letu ngazi zinaanzia nyuma ya dereva. Ukimaliza kushuka unakumbana na ukuta wa migongo ya watu waliosimama, na mlango wa kutokea uko nyuma yao. Nimepima kwa saa yangu pale kituo kikubwa: basi la zamani lilikuwa likishusha na kupakia kwa nusu dakika, hili linachukua dakika nzima na ushee. Zidisha kwa vituo vyote vya njia. Dereva naye anajua amechelewa, anaondoa basi kwa pupa, na magoti yetu ndiyo yanayolipa.

Wenzetu wamelihangaikia jambo hili. Yale ya London ya zamani, Routemaster, yaliyoanza kubeba abiria 1956 na kuondolewa kwenye njia za kawaida 2005, yalikuwa na jukwaa wazi nyuma, na ngazi zilishukia palepale. Unafika chini, hatua moja, uko nje. Sema tu basi la namna hiyo linataka kondakta, na jukwaa lisilo na mlango ni hatari yake nyingine. Kuanzia 2002 London wakaingiza mabasi marefu ya mita 18, yale yanayojikunja katikati, yenye milango mitatu. Watu waliingia na kutoka kama maji, ila wengi walisafiri wamesimama, na barabara zenyewe ni nyembamba. Kufikia mwisho wa 2011 yalikuwa yameondolewa yote. Mwaka uliofuata likaja la ghorofa jipya lenye milango mitatu na ngazi mbili. Nikiwa nakanda goti langu na maji ya moto, hilo ndilo basi ninaloliota. Lakini ngazi ya pili inakula viti, na basi lenyewe lilikuwa na madirisha yasiyofunguka, abiria wa juu wakaokwa majira ya joto mpaka ikabidi yawekwe yanayofunguka.

Joto hilo nalijua. Hewa ya moto inapanda, paa limepigwa jua tangu asubuhi, na kile kioo cha mbele nilichokisifia kinageuka jiko. Kipoza hewa chetu kinavuma kwa nguvu viti vya nyuma tu. Saa nane mchana kiti cha mbele hakigombaniwi na mtu.

Kero nyingine ni yetu sisi abiria. Chini watu wamebanana mlangoni, juu kuna viti kumi vitupu. Anayeshuka karibu hataki kupanda, anayekwenda mbali hajui kama juu kuna nafasi, basi kila mtu anaganda alipo. Dereva wetu mmoja huwa anaangalia kamera yake kisha anapaza sauti, "Jamani, juu kuna nafasi, msinizibie mlango!" Singapore wameweka kibao cha taa karibu na ngazi kinachoonyesha viti vilivyobaki juu. Kitu kidogo sana, na sielewi kwa nini basi letu halinacho.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao juu si kwao. Viti vya chini ni vichache, kwa sababu magurudumu, injini, ngazi yenyewe na nafasi ya kiti cha magurudumu vinagawana sakafu hiyohiyo. Nimemwona mzee mwenye fimbo akiutazama ule mlango wa ngazi, kisha akitutazama sisi tuliokaa chini, mmoja mmoja, bila kusema neno. Vijana watatu walikuwa wamezama kwenye simu. Nilimpisha, lakini nakiri ilinichukua vituo viwili.

Kimo chake pia ni tabu. Ya London yana kama mita 4.4. Berlin wamebana yao hadi kama mita 4, kwa kuwa sheria ya Ujerumani haitaki zaidi. Basi la namna hii haliendi popote linapotaka: daraja, nyaya, matawi, kila kitu lazima kipimwe kwanza. Sisi tuna tawi moja ambalo kila asubuhi linapiga kioo cha juu kushoto, paa!, na kila asubuhi tunainamisha vichwa wote pamoja. Barabara yetu ilipofungwa kwa matengenezo, mabasi ya kawaida yalizungukia njia ya chini ya daraja. La kwetu halikuweza. Tulishushwa, tukatembea. Na Januari 2019 kule Ottawa, Kanada, basi la ghorofa liliacha njia likavaa kibanda cha kituo. Paa la kibanda likaingia ghorofa ya juu, watu watatu wakafariki. Tangu nisome habari hiyo, kiti cha mbele nakikalia bado, ila silali.

Nimejifunza kukaa safu ya pili kutoka kwenye ngazi, nabonyeza kengele mapema, nateremka basi likiwa limesimama kituo kimoja kabla ya changu, kisha nasimama chini hadi nifike. Juzi nilisahau, kurasa za mwisho za sura zilikuwa tamu. Goti limeanza kupungua. Kesho nakaa chini, kama yule mama hajaniwahi.