Geuza chupa kwanza: mbolea za mimea ya ndani ninazonunua na ninazoziacha dukani

Jani jipya la monstera, ule mmea wa ndani wenye majani makubwa ya matundu, hutoka limejiviringisha kama mkeka, na kwa siku tatu nne mwenye mmea hana kazi nyingine ila kulichungulia. Langu lilipofunguka, kingo zilikuwa za kahawia tayari, na katikati limekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa. Ndiyo kwanza limezaliwa, na limeshaungua.

Nikakwangua mdomo wa chungu kwa ukucha. Ukoko mweupe ukabaki chini ya kucha: chumvi ya mbolea. Nilikuwa nimenunua chupa ya kijani yenye picha ya monstera nzuri kuliko yangu, na muuzaji akaniapia kwamba ni "maalumu kwa mimea ya ndani". Wiki tatu za mwanzo sikuona badiliko lolote, basi kwa kiherehere changu nikaongeza kipimo mara mbili. Kosa la kuongeza ni langu, silikatai. Lakini sababu ya mmea kukaa kimya wiki zote zile ilikuwa imeandikwa nyuma ya chupa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nami sikuigeuza.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza anunue mbolea gani namjibu kwa swali: nitrojeni yake ni ya aina gani?

Zile namba tatu za mbele ya chupa, asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu, sitazizungumzia sana. Kwa mimea tunayoifuga kwa ajili ya majani, uwiano ulio karibu na 3-1-2 unatosha, na chupa nyingi nzuri ziko hapo hapo. Jua tu kwamba namba ya pili na ya tatu huhesabiwa kama oksidi, kwa hiyo 10 ya katikati ni kama 4.4 tu ya fosforasi yenyewe. Muuzaji anayekusifia namba kubwa ya katikati kwa mmea usiotoa maua, mwache aongee, wewe endelea kutazama rafu.

Sasa geuza chupa. Nyuma, chini ya jumla ya nitrojeni, mara nyingi kuna mistari midogo inayoigawa: ya naitreti, ya amonia (yaani amoniamu), ya yurea. Hapo ndipo penye habari.

Yurea ni nitrojeni ya bei nafuu kutengeneza, na ikiwa safi ina asilimia 46 ya nitrojeni, ndiyo maana watengenezaji wanaipenda. Shambani haina neno. Udongo wa shamba umejaa vijidudu: kimeng'enya cha urease kinaivunja kuwa amoniamu, halafu bakteria wengine wanaigeuza amoniamu kuwa naitreti, ambayo mizizi inaifyonza kwa raha. Chunguni hali ni nyingine. Mchanganyiko mpya wa mboji ya peat, nyuzi za nazi na perlite, vile vipunje vyeupe vyepesi, una bakteria wachache mno wa kazi hiyo, na hata hao waliopo hupunguza kasi kukiwa na baridi au uchachu mwingi. Zaidi ya hayo, yurea haina chaji ya umeme, kwa hiyo udongo hauishiki. Ukimwagilia vizuri, sehemu yake inatokea tundu la chini na kuishia kwenye sahani.

Ile isiyotoroka hugeuka amoniamu na kujikusanya, kwa kuwa bakteria wa hatua ya pili ni wazembe kuliko wa kwanza. Amoniamu ikizidi mahali penye mwanga hafifu, inaumiza mizizi na kushindana na kalsiamu kuingia kwenye mmea. Kalsiamu haihami kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwenye jani jipya: kingo kavu, umbo limepinda. Yaani monstera yangu, neno kwa neno. Wakulima wa vitalu wanalijua hili zamani, na msimu wa mwanga mdogo hujitahidi amoniamu na yurea kwa pamoja zisipite kama asilimia 40 ya nitrojeni yote. Sebuleni kwako, hatua tatu kutoka dirishani, ni msimu wa mwanga mdogo mwaka mzima.

Ninayoinunua mimi, na sifichi upendeleo wangu, ni Foliage-Pro ya Dyna-Gro, 9-3-6. Siku hizi unaweza kuikuta ikiwa na jina la SUPERthrive juu yake. Hapo uwe macho, kwa sababu SUPERthrive ya asili ni matone ya vitamini, siyo mbolea, na chupa zote mbili zinaweza kukaa rafu moja. Foliage-Pro haina yurea, nitrojeni yake nyingi ni naitreti, na ndani ya chupa hiyo hiyo kuna kalsiamu na magnesiamu. Hilo la mwisho si dogo. Kalsiamu na fosfeti, yaani fosforasi ya mbolea, zikiwa nzito pamoja huwa zinagandana na kuzama chini kama chokaa, ndiyo maana mbolea nyingi za maji zinaiacha kalsiamu kabisa na kutegemea maji yako ya bomba yailete. Ukimwagilia kwa maji ya mvua au yaliyochujwa, hayaleti kitu.

Kipimo chake ni kidogo hata kinatia shaka: kama mililita 0.3 kwa lita moja ya maji, kila unapomwagilia. Usikadirie kwa kifuniko. Tumia bomba la sindano la mililita moja, bila sindano yenyewe, uvute mpaka mstari wa 0.3. Mara ya kwanza utadhani umekosea kusoma. Hujakosea, maji yanatakiwa yabaki karibu meupe.

Ya pili kwangu ni unga wa 15-5-15 wenye kalsiamu na magnesiamu, ule wa watu wa vitalu. Nitrojeni yake nyingi ni naitreti, unakaa muda mrefu ukifungwa vizuri usipate unyevu, na kwa mwenye vyungu arobaini ndio wenye akili zaidi. Shida yake ni mizani. Kupima nusu gramu kwa kijiko cha chai ni kubahatisha, na unga huu hausamehe. Wapenda okidi wana ndugu yake, fomula iliyoanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, nchini Marekani: 13-3-15 kwa maji safi yasiyo na madini, na 19-4-23 kwa maji ya kisima. Nimeitumia kwa mimea ya majani na haikulalamika. Napenda hasa kwamba waliotengeneza walianza kwa kuuliza maji yako ni ya namna gani, swali ambalo sijawahi kuulizwa na muuzaji yeyote.

Ya tatu, Osmocote, zile punje za mviringo zenye ganda la utomvu linaloachia mbolea taratibu kwa miezi. Ni nzuri kwa msahaulifu na kwa msafiri. Ila ganda lile linafuata joto: miezi iliyoandikwa kwenye kopo imepimwa kwenye nyuzi joto kama 21, na chumba kikiwa na joto zaidi, punje huachia haraka zaidi. Ukishazichanganya na udongo huwezi kuzirudisha koponi. Weka nusu ya walichoandika.

Halafu kuna unga wa kawaida wa 24-8-16 unaouzwa kila kona ya dunia, kama ule wa Miracle-Gro. Sehemu kubwa ya nitrojeni yake ni yurea. Mimea inaishi nayo, hasa yenye udongo uliokaa chunguni muda mrefu na wenye mwanga mwingi, na kama ndiyo uliyonayo, tumia robo ya kipimo. Mbolea ya samaki inanuka, na chumbani huita visubi. Maganda ya mayai yaliyopondwa yatakaa juu ya udongo mpaka uhame nyumba.

Sasa nisemee zile chupa za kupulizia zilizo "tayari kutumika". Nimewahi kushika moja iliyoandikwa 0.02-0.02-0.02. Fanya hesabu nami. Asilimia 0.02 kwenye chupa ya gramu 250 ni miligramu 50 za nitrojeni, na mengine karibu yote ni maji. Kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya asilimia 9 kina miligramu 450 na zaidi. Kijiko kimoja kina nitrojeni ya chupa tisa! Mtu anabeba maji kutoka dukani, analipia pampu, analipia picha ya jani, na mmea unapata harufu ya chakula tu. Na rafu ya jirani utakuta chupa ya kaktasi, ya okidi, ya ferni, ya bonsai. Zigeuze zote nne, usishangae ukikuta uchambuzi wa nyuma unafanana mpaka nukta. Nilipomwonyesha muuzaji, aliniambia tofauti iko kwenye "mchanganyiko wa siri". Wanaopima kwenye vifuko vitupu visivyo na maandishi wananikera zaidi, maana hapo hakuna hata cha kugeuza. Siku hizi nikikuta mbolea isiyotaja nitrojeni yake ni ya aina gani, naichukulia kuwa ni yurea na kuiacha.

Ikiwa umeshaharibu kama mimi, usikimbilie kununua dawa ya kuokoa. Peleka chungu kwenye sinki, pitisha maji taratibu yanayofikia mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini, na usiache sahani ijae. Kisha usitie mbolea mpaka uone chipukizi. Mmea usiokua hauna haja na chakula, na udongo mpya wa dukani mara nyingi umeshatiwa kidogo kiwandani.

Monstera ilitoa jani la pili baada ya wiki saba, dogo, lenye tundu moja tu, kingo safi. Lile lililokunjamana bado lipo, majani hayaponi. Chupa ya kijani nilimalizia nje, kwenye nyasi, na nyasi zikanawiri ajabu.