Wavu wa nyasi kavu wenye matundu madogo: miezi sita na farasi mkali wakati wa kula

Wavu huu nimeutumia kwa miezi sita kumlishia farasi mmoja, dume aliyehasiwa mwenye umri wa miaka 9 na uzito wa kilo 450 hivi, ambaye kila alipoona ndoo ya chakula alilaza masikio nyuma, akakunja pua na kugeuza makalio kuelekea mlangoni. Mara mbili alinirushia teke, na safari moja aliniuma begani juu ya koti zito, alama za meno zikakaa wiki nzima. Tathmini hii nawaandikia hasa wale wanaoingia bandani na chakula mkononi huku moyo ukiwadunda, kwa sababu hofu hiyo naijua.

Sikuununua wavu huu kwa kubahatisha. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, kwani hubeba lita 8 hadi 15 tu, nalo hutoa asidi mchana kutwa na usiku kucha, awe amekula au hajala. Mate ndiyo yanayopunguza ukali wa asidi hiyo, na farasi hutoa mate kwa wingi pale tu anapotafuna. Akiwa malishoni hula kidogo kidogo kwa saa 16 hivi kwa siku, lakini wangu alikuwa akipewa nyasi asubuhi na jioni, akizimaliza kwa saa mbili na kukesha bila kitu. Daktari wa mifugo alipompitishia kamera tumboni alikuta vidonda. Alimwanzishia dawa ya kupunguza asidi, akaniagiza nisimwache na tumbo tupu zaidi ya saa nne au tano. Nilihuzunika sana siku ile, maana kwa muda mrefu nilikuwa nikimwita mkorofi mnyama aliyekuwa akiumwa.

Wavu wenyewe umesukwa kwa kamba laini za nailoni zisizo na mafundo, na kila tundu lina upana wa sentimita 4. Unabeba kilo 5 za nyasi kavu zikishindiliwa vizuri. Kiasi kile kile kilichokuwa kikiisha kwa saa mbili sasa kinamchukua karibu saa tano, kwa kuwa anavuta majani machache tu kila anapong'ata. Usiku natundika nyavu mbili, kila moja kwenye ukuta wake, ili alazimike kutembea. Jumla ya nyasi zake kwa siku ni kilo 9, yaani asilimia 2 ya uzito wake, nami hupima kwa mizani badala ya kukadiria kwa macho.

Kosa langu lilikuwa kumpa wavu siku ya kwanza akiwa na njaa kali. Aliuvuta, akaupiga kwa pua, kisha akaugeukia ukuta na kuupiga mateke kwa hasira kuliko nilivyowahi kumwona. Kuanzia kesho yake nilimwekea nyasi za wazi chini kwanza, wavu ukiwa pembeni, nikawa nazipunguza kila siku hadi zikaisha baada ya wiki mbili. Vilevile naujaza na kuutundika kabla hajaingia, ili akute chakula kipo tayari na pasiwepo mtu wa kupigania naye. Jioni moja katika wiki ya tatu nilisimama kizingitini, naye akainua kichwa, ujani mmoja ukining'inia mdomoni, sikio moja likanielekea, akanitazama kidogo, kisha akarudi kutafuna. Nilisimama pale hadi giza likaingia.

Hata hivyo, wavu haufundishi adabu. Ukali wake kwa ndoo ya nafaka ulibaki, na huo ulihitaji kazi nyingine: nasimama nje ya mlango, namsubiri arudi hatua mbili nyuma na kuyaleta masikio mbele, na hapo hapo namimina chakula katika hori lililofungwa karibu na mlango, bila kuingia. Akishaanza kula simnyang'anyi wala simsumbui, kwa sababu kumwondolea chakula mdomoni ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kukilinda. Kumpiga nilishaacha zamani, maana kulimzidishia wasiwasi tu. Wenye farasi kadhaa katika uwanja mmoja waweke nyavu zinazozidi idadi ya farasi, tena mbali mbali, kwani wavu mmoja kwa farasi wawili ni kuwaita wapigane.

Kasoro zipo. Mdomo wa wavu ni mwembamba, hivyo kuujaza peke yako ni taabu; mimi huuvisha kwanza kwenye pipa tupu. Mwezi wa nne kamba ya pindo ilikatika, likabaki tundu la kupitisha kwato nzima. Jambo lililonikera zaidi ni kwamba maelezo yaliyokuja nao hayasemi lolote kuhusu kimo cha kuutundika. Wavu uliojaa hushuka unapoisha, na farasi aliyepigwa viatu anaweza kunasa mguu. Wangu alinasa ncha ya kiatu usiku mmoja, na kilichomwokoa ni kwamba nilikuwa nimeufunga kwa uzi mwembamba wa katani, ukakatika alipovuta. Pimeni ukiwa mtupu: sehemu yake ya chini ibaki usawa wa kifua, lakini usipande juu ya macho, vumbi lisije likamwingia.

Dawa tumeshaiacha kwa idhini ya daktari, na wavu wa pili wa aina hii nimeshaununua. Kwa farasi mzee ambaye meno yake yamechakaa nisingeuchukua; huyo apewe nyasi za wazi, na meno yaangaliwe kwanza.