COCA na maneno ya Kiingereza rasmi: uzoefu wangu wa miezi minane

Kazi yangu ni kutafsiri. Watu huniletea ripoti, barua, mihutasari ya mikutano na mara nyingine hati za mahakama, zote kwa Kiswahili, nami nawarudishia kwa Kiingereza rasmi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Kiingereza rasmi ni suala la mavazi tu: unalivua neno la kawaida na kuweka lile refu mahali pake. "Buy" inakuwa "purchase", "help" inakuwa "assist", "get" inakuwa "obtain". Nilikuwa na programu moja ya visawe kwenye simu, na kila nilipokwama niliifungua nikachagua neno lililoonekana zito zaidi.

Imani hiyo iliisha siku ripoti ya ajali niliyoitafsiri iliporudi kwangu na alama nyekundu kila ukurasa. Sentensi ya Kiswahili ilisema abiria sita walipata majeraha. Mimi niliandika "six passengers obtained injuries". Mhariri alikata "obtained", akaweka "sustained", na pembeni akanieleza kwamba "obtain" ni kupata kitu ulichokitafuta. Nilisoma maelezo yake mara tatu. Hakuna aliyepanda gari siku ile akitafuta kuvunjika mkono.

Ndipo nilipoanza kuliangalia kwa makini neno letu "pata". Kiswahili hulitumia kwa mambo mengi sana: mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata ajali, hupata hasara, hupata kibali, hupata homa. Sisi hatuoni tatizo lolote, kwa sababu neno linalofuata ndilo hutuambia kama ni heri au shari. Kiingereza rasmi hakikubali hivyo. Kazi ina kitenzi chake, "secure employment". Kibali kina chake, "obtain permission". Hasara ni "incur losses" au "suffer losses", majeraha ni "sustain injuries". Kila nomino imeshazoea kuandamana na kitenzi fulani, na ukiitenga na mwenzake msomaji anashtuka hata kama sarufi yako haina kosa.

Kusema kweli nasi tunayo mazoea kama hayo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, na katika yote hayo hakuna kinachochapwa. Tunakata rufaa, tunakata tamaa, tunakata shauri. Tunakula kiapo na tunakula njama. Mgeni akisema "kutenda simu" tutamwelewa, lakini tutajua papo hapo kwamba hakukulia katika lugha hii. Tofauti ni kwamba ya kwetu tuliyameza tukiwa wadogo bila kuhesabu. Ya Kiingereza rasmi lazima mtu ayatafute mahali, na mahali nilipoyapata ni COCA.

COCA, kifupi cha Corpus of Contemporary American English, ni kongoo, yaani hazina ya matini halisi iliyowekwa kwenye kompyuta ili watu waweze kuitafiti. Hii ni ya Kiingereza cha Marekani. Iliandaliwa na Mark Davies, aliyekuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, na iliwekwa mtandaoni mwaka 2008. Ina maneno zaidi ya bilioni 1 yaliyokusanywa kutoka mwaka 1990 hadi 2019. Unajiandikisha bure, na anayetafuta mara nyingi sana kwa siku anaweza kulipia matumizi mapana zaidi. Kilichonivuta zaidi ya ukubwa wake ni mgawanyo. Matini zimepangwa katika makundi manane: mazungumzo, hadithi, majarida, magazeti, maandishi ya kitaaluma, mazungumzo ya filamu na televisheni, blogu, na kurasa nyingine za wavuti. Kwa hiyo huambiwi tu kwamba neno A hutembea na neno B. Unaonyeshwa wanatembea wapi.

Wazo lenyewe si geni. Harold Palmer, aliyekuwa akishughulikia ufundishaji wa Kiingereza nchini Japani, alitoa ripoti juu ya maneno yanayoandamana mwaka 1933, na mwanaisimu J. R. Firth wa Uingereza aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa maneno linaloandamana nayo. Wao hawakuwa na mashine ya kuhesabu. Mimi ninayo, na inanijibu kabla sijamaliza kunywa maji.

Neno lililonifanya nikubali kwamba nimepata kitu cha maana ni "discharge". Nililijua kutoka hospitalini: mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku moja nilikuwa na barua iliyosema mwenyekiti "ametekeleza majukumu yake kwa uaminifu", nikakumbuka kuona mahali fulani "discharge his duties". Nilisita. Je, majukumu nayo huruhusiwa kwenda nyumbani? Nikaliandika kwenye COCA nikaomba majirani zake, yaani maneno yanayokaa karibu nalo.

Nilikaa kwenye neno hilo moja jioni nzima. Kwenye maandishi ya tiba lilikuwa na wagonjwa, hospitali na mipango ya kumwandaa mtu kutoka wodini. Penye habari za jeshi lilikuwa na askari, na kivumishi kilicholitangulia ndicho kilichoamua kila kitu: "honorable discharge" ni mtu aliyeondoka jeshini kwa heshima, "dishonorable discharge" ni aliyefukuzwa kwa aibu. Penye mazingira nilikuta viwanda na maji machafu yanayomwagwa mtoni. Penye silaha, bunduki iliyofyatuka. Penye umeme, betri inayoisha chaji. Penye sheria, deni lililofutwa au wajibu uliotimizwa. Kiswahili kinahitaji maneno sita tofauti kwa yote hayo, yaani kuruhusu, kuachisha, kumwaga, kufyatua, kuisha chaji, kutimiza, na ukiyatazama kwa muda unaona uzi mmoja: kitu kilichokuwa kimeshikiliwa kinaachiwa. Majukumu ni mzigo uliobebwa, na anayeyatimiza ameutua. Niliandika "discharged his duties faithfully" bila woga hata kidogo.

Tangu siku hiyo nimeyapitia maneno mengine ya aina hiyo. "Execute" ni hatari kuliko yote. Kwenye sheria mtu hu-execute wosia au mkataba, maana yake anautia saini kwa taratibu zinazotakiwa ili uwe na nguvu. Kwenye kompyuta programu inatekelezwa. Kwenye biashara ni mpango. Lakini anayefuata akiwa mtu, amenyongwa au amepigwa risasi. "Administer" nalo hubeba dawa, kiapo, mtihani na mirathi. "Sustain" niliyosahihishiwa ina sura nyingine ambayo sikuijua: jaji akikubali pingamizi la wakili, anali-sustain. Kamusi yangu ya kawaida ilikuwa na maana hizi zote, tena kwa mpangilio mzuri, ila ilizitaja moja baada ya nyingine kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Haikunionyesha ni nani anakaa na nani.

Namna ninavyoitumia ni rahisi, na ningependa anayeanza asipoteze wiki mbili kama nilivyopoteza. Kwanza nachukua nomino, kwa sababu ndiyo ninayoijua tayari kutoka kwenye Kiswahili: malalamiko, uchunguzi, hasara, uamuzi. Kisha naomba vitenzi vinavyoitangulia. Ukitaka orodha ipangwe kwa wingi tu, maneno ya kawaida sana yatajaa juu na hutajifunza kitu. Kuna alama nyingine inayopima jinsi maneno mawili yanavyokutana kuliko ambavyo yangekutana kwa bahati. Hiyo ndiyo nzuri, lakini nayo ina tabia yake: hupenda maneno adimu, kwa hiyo bila kuweka kiwango cha chini cha kuonekana utaletewa majina ya watu na makosa ya uchapaji. Weka kiwango, kisha soma. Halafu, na hapa usiruke, bofya uone sentensi zenyewe. Mimi sitatumia jozi yoyote ambayo sijaisoma katika sentensi kumi hivi.

Kusoma sentensi ndiko kulikonifundisha habari za "cause". Nilikuwa nikitafsiri barua ya shukrani kwa wafadhili, na Kiswahili chake kilisema msaada wao umesababisha watoto wengi kurudi shuleni. "Umesababisha", basi "caused", nikaendelea. Usiku nikaona niitazame tu. Majirani wa "cause" walinitisha: matatizo, uharibifu, vifo, maumivu, saratani, wasiwasi. Mwanaisimu Michael Stubbs alikwisha kulionyesha hilo mwaka 1995, kwamba neno hili lisilo na ubaya wowote katika kamusi huandamana kwa kawaida na mabaya. Hakuna kanuni iliyoandikwa ya kulikataza kwenye barua ya shukrani, lakini msomaji Mwingereza au Mmarekani angehisi kitu hakijakaa sawa, pengine bila kujua ni nini. Nikabadilisha: "your support has enabled many children to return to school".

Kisha nikarudi kwenye Kiswahili chenyewe nikagundua kwamba hata kule mwandishi alikuwa ameteleza. Sisi nasi "kusababisha" tunaipa ajali, mafuriko, vifo na foleni. Kwa jambo jema tuna "kuwezesha". Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote niliyoandika lugha yangu mwenyewe, na nimelipata kwa kuchunguza lugha ya watu wengine.

Sehemu ya kulinganisha maneno mawili ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayetegemea visawe. Unaandika mawili unayodhani ni ndugu, na inakuonyesha majirani wa kila mmoja upande kwa upande. Jaribu "buy" na "purchase". Bidhaa, ardhi na tiketi huenda na yote mawili. Lakini "buy time", yaani kujipa muda kidogo, haipandi cheo ikawa "purchase time". Vivyo hivyo "help yourself" kwenye meza ya chakula haiwi "assist yourself" hata mgeni awe mkuu namna gani. Ile programu yangu ya visawe ingeniruhusu yote mawili, na nadhani mara kadhaa iliniruhusu. Nimeifuta.

Kuna mambo ya kujua kabla hujaanza. COCA huhesabu, haihukumu. Haikuambii kwamba jozi fulani ni nzuri au mbaya, inakuambia imeonekana mara ngapi na wapi, uamuzi ni wako. Anayetaka jibu moja la haraka atafaidika zaidi na kamusi ya maneno yanayoandamana, kwa sababu humo wataalamu wameshachambua. Nami bado ninayo moja mezani, naifungua kwanza, kisha nakuja COCA pale ninapotaka kujua kama jozi ni ya mahakamani au ya gazetini. Maelekezo na majina ya vitufe ni ya Kiingereza, hivyo haimfai anayeanza kujifunza lugha.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba ni Kiingereza cha Marekani. Niliwahi kuandika "file a complaint" kwa kuwa ndiyo iliyojaa humo, kumbe ripoti ilikuwa ya taasisi inayofuata Kiingereza cha Uingereza, ambako "lodge a complaint" imezoeleka zaidi. Dawa yake ipo kwenye tovuti hiyohiyo: unaweza kuhamia kongoo ya taifa ya Uingereza, BNC, yenye maneno milioni 100, ukatafuta kwa namna ileile. Ni ya zamani kidogo, kwa kuwa matini zake zinaishia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ila kwa maneno ya sheria na utawala sioni kwamba hilo linaumiza. Lugha ya barua za ofisini hubadilika polepole sana.

Je, inanichelewesha? Ndiyo. Ukurasa uliokuwa ukinichukua saa moja sasa hunichukua saa moja na nusu, na katika miezi miwili ya mwanzo zilikuwa mbili. Mteja mwenye haraka hafurahii. Lakini naona nusu saa hiyo ni sehemu ya kazi niliyolipwa kuifanya, na nilikuwa nikiiruka. Nimeanza daftari langu pia, ukurasa mmoja kwa kila nomino ya Kiswahili. Sikuandika maana yake. Niliandika vitenzi vya Kiingereza vinavyoikubali na mahali vinapoikubali. Ukurasa wa "uamuzi" umejaa pande zote mbili: kamati inau-reach, ofisa anau-make, jaji anau-deliver au anau-uphold, mahakama ya juu inau-overturn. Ukurasa wa "uchunguzi" una "launch" kwa unaoanza, "conduct" kwa unaoendelea, na "pending" ikisimama mbele yake pale mtu anaposimamishwa kazi kusubiri matokeo.

Wiki iliyopita mhariri yuleyule alinirudishia ripoti ya kurasa kumi na nne. Alama nyekundu zilikuwa mbili, zote za koma.